Ganda la Risasi: Jinsi Lilivyofanywa na Jinsi Livyochaguliwa

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo sana ambacho wengi wenu mmekishika mkononi. Ni kile kifuko cha shaba ya manjano kinachoanguka chini bunduki ikisha kulia. Kwetu Gwarama, katika nchi ya juu ya Buha, watoto hukiokota porini wakakipuliza kama filimbi, na nimeona wazee wakitia ugoro ndani yake na kuuziba kwa kipande cha gunzi. Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu waliniuliza kwa nini ganda hilo hufanywa kwa shaba hata leo, hali chuma ni rahisi zaidi, tena kama ni kweli kwamba ganda moja laweza kutumika mara ya pili na ya tatu. Nikaona maswali hayo yastahili jibu zima.

Kwanza tuyatenge majina, maana sisi hutumia neno risasi kwa mambo mengi. Kiasi kimoja cha bunduki kina vitu vinne. Kuna ganda, ndilo chombo kinachovishika vingine vyote. Kuna fataki, kile kifuniko kidogo katikati ya kitako, ambacho hupigwa na sindano ya bunduki kikatoa cheche. Kuna baruti ndani. Na mdomoni kuna risasi yenyewe, yaani kile kipande kizito kinachoruka. Katika gobore la wazee wetu vitu hivi vilikuwa mbalimbali: mtu alimimina baruti mtutuni, akashindilia kitambaa, akatia risasi, kisha akaweka fataki nje. Mvua ikinyesha, baruti ilikuwa uji, na mwindaji akarudi nyumbani mikono mitupu, kama alirudi. Ganda la shaba lilikusanya vyote mahali pamoja na kuvikinga na maji.

Lakini kukinga maji si kazi yake kubwa. Kazi yake kubwa ni kuziba. Baruti ikiwaka ndani ya bunduki ya sasa, hewa yake husukuma kwa nguvu ipitayo mara 2,500 ya uzito wa hewa hii ituzungukayo. Kama hewa hiyo ingepata upenyo wa kurudi nyuma, ingemfikia mpigaji usoni. Basi ganda huvimba kwa ghafula, likajibana na kuta za chumba cha bunduki hata pasiwe na nafasi ya uzi kupita. Kisha risasi ikisha kutoka na nguvu ikapungua, ganda hunywea kidogo, likaachana na kuta, na mtu huweza kulivuta nje kwa vidole viwili. Mambo hayo yote hutimia katika muda ulio chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Sasa fikirini ni madini gani yawezayo kufanya hivyo. Shaba nyekundu peke yake ni laini mno: itavimba vizuri, lakini haitanywea, itabaki imebana chumbani. Madini magumu mno hayavimbi bali hupasuka. Chuma laini chaweza kufanya kazi hiyo, nayo mataifa kadhaa yamekitumia katika vita shaba ilipokuwa haba, lakini chuma hushika kutu, tena hakiteleze kwa wepesi. Mafundi walijaribu mengi, hata wakaona mchanganyiko unaofaa kuliko yote ni sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki katika kila sehemu 100. Huo ndio mchanganyiko unaotumika mpaka leo. Nasi watu wa magharibi hatuko mbali na chimbuko lake. Shaba ya Katanga, ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, iliyeyushwa na wenyeji na kuuzwa kwa umbo la misalaba karne nyingi kabla ya kampuni za Kizungu kufika. Na zinki ilichimbwa Kipushi huko huko Katanga, na Kabwe katika Zambia, mahali palipoitwa zamani Broken Hill, ambapo mgodi ulifungwa mwaka wa 1994.

Hapa nina jambo la kuwaambia wahunzi. Ninyi mwajua kwamba chuma cha kisu kikipashwa moto na kutumbukizwa majini hupata ugumu. Shaba ya manjano haina tabia hiyo. Ukiipasha moto inalainika, na ukiitia majini inabaki laini vile vile. Kinachoifanya iwe ngumu ni kupigwa, kukunjwa na kuvutwa. Katika kiwanda ganda huanza kuwa kisahani cha duara kama sarafu nene. Mashine hukisukuma katika tundu kikawa kikombe, kisha katika tundu jembamba zaidi kikawa kikombe kirefu, na kila mara kinazidi ugumu. Kwa hiyo hupashwa moto tena katikati ya kazi, kisije kikapasuka. Mwisho kitako huachwa kigumu, maana ndicho kinachobeba nguvu yote, na shingo hulainishwa kwa moto, maana ndiyo inayoshika risasi na kuvimba kwanza. Katika magunda mengine mapya mtaona shingoni rangi kama ya buluu na hudhurungi iliyozunguka. Msidhani ni uchafu. Ni alama ya moto ule.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Bunduki ya Martini-Henry, ambayo Waingereza walianza kuitumia mwaka wa 1871 na ambayo ilifika kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, hapo kwanza ilikuwa na ganda lililofanywa kwa karatasi nyembamba ya shaba iliyokunjwa kama mkeka, na kitako cha chuma. Katika joto na mchanga wa Sudan ganda hilo lilinasa ndani; ndoana ya bunduki ilivuta kitako, mwili wa ganda ukabaki chumbani. Katika vita vya Abu Klea, mwezi wa Januari 1885, askari wengi walikuta bunduki zao zimekwama wakati adui amekwisha kuwafikia. Baada ya hapo ganda la kipande kimoja lililovutwa likashika mahali pake.

Sasa nije katika habari ya kutia ganda mara ya pili. Watu wengi hudhani hiyo ni kazi ya Wazungu wenye nafasi, kwa mchezo wao wa kulenga shabaha. Lakini katika nchi yetu hii kazi hiyo ilifanywa mara moja kwa wingi wa kutisha, tena na mikono ya Waafrika, wanaume kwa wanawake. Ilikuwa Moshi, mwaka wa 1915.

Vita kuu vya kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, Wajeremani walioitawala nchi hii walikatiwa njia ya baharini. Makampuni yao mengi ya askari yalikuwa bado na bunduki za zamani za mwaka wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Kila mlio mmoja ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kupiga. Mwezi wa Novemba 1914 walishinda Tanga, wakateka bunduki mamia na risasi zaidi ya laki tano zilizoachwa na jeshi la Kiingereza lililotoka India. Lakini risasi za Kiingereza zina kipimo chake, wala haziingii katika bunduki ya Kijeremani. Ganda ni kama ufunguo: lipo kwa kufuli yake tu.

Ndipo serikali ya Ujeremani ilipotuma meli iitwayo Rubens. Iliondoka Ulaya mwezi wa Februari 1915 imejibadilisha jina na kujifanya meli ya Denmark, ikazunguka Afrika yote kwa kusini, na mwezi wa Aprili ikafika karibu na Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaiona. Nahodha Christiansen akaiingiza katika ghuba ya Manza, akaiacha ijae maji, na mbao zilizokuwa juu zikashika moto, hata Waingereza wakaamini imeangamia, wakaenda zao. Lakini ghuba haina kina kirefu. Wapiga mbizi walizama siku baada ya siku wakatoa bunduki mpya kadiri ya 1,800 na risasi kwa mamilioni.

Furaha ilikuwa kubwa, ila haikudumu. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya. Kwa macho zile risasi zilionekana nzima, lakini baruti na fataki zilizidi kuharibika, na kila juma idadi ya zilizokataa kulia iliongezeka. Jemadari wao, von Lettow-Vorbeck, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba hapakuwa na njia nyingine ila kuzifungua zote, kusafisha baruti, na kutia fataki mpya katika baadhi yake. Fataki zilikuwapo nchini, ingawa za namna nyingine. Basi kwa miezi mingi, Moshi, askari na wake zao na kila mtu aliyeweza kupatikana waliketi tangu alfajiri hata usiku wakizifungua risasi moja moja na kuzifunga tena.

Nawaombeni mlifikiri jambo hili. Mwanamke aketi na rundo la risasi zisizo na hesabu, na kila moja ni lazima aitazame: shingo imepasuka? kitako kimelegea? pana ukungu wa kijani ndani? Hakuna chombo cha kupimia ila macho na kidole. Majina yao hayakuandikwa, wala sijapata kuona mnara wa ukumbusho wao. Na huko mbele, maisha ya mtu mwingine yalitegemea kidole kile. Mwishowe risasi zilitengwa kwa mafungu. Chache zilizokuwa njema kabisa ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za mtombo tu. Zile zilizofungwa upya, ambazo katika kila 100 zilikataa kama 20, zilihesabiwa kuwa zafaa vitani. Zilizokataa zaidi ya hapo zilipewa askari wa kujifunza shabaha. Mtu aingie vitani akijua kwamba katika kila tano moja haitalia, wala hajui ni ipi!

Jambo moja nalilinganisha na habari ile, nalo ni la kwetu Kigoma. Mwezi wa Julai 1916, majeshi ya Kibelgiji yalipokuwa yakikaribia, Wajeremani waliizamisha meli yao Graf von Götzen ziwani, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Ikatolewa majini miaka minane baadaye, nayo ndiyo Liemba tuijuayo. Mitambo ya Liemba ilipata mafuta na maji yasiyo na chumvi. Risasi za Rubens hazikupata hata kimoja.

Chumvi ni adui wa shaba ya manjano kwa namna ya ajabu. Huila zinki peke yake na kuiacha shaba nyekundu mahali pake, nayo imejaa matundu yasiyoonekana. Kwa hiyo mwenye kuchagua magunda akiona doa la wekundu kama ngozi ya mtoto mchanga juu ya manjano, hulitupa ganda hilo bila shauri, hata likiwa limenyooka na kung'aa kwingineko.

Adui wa pili aligunduliwa India. Huko jeshi la Kiingereza liliweka risasi zake katika mabanda ya farasi wakati wa mvua za masika, na masika yakisha wakakuta shingo za magunda zimepasuka zenyewe, bila kuguswa na mtu. Wakayaita hayo mapasuko ya majira, wakidhani ni kazi ya hali ya hewa. Mwaka wa 1921 wataalamu wa Uingereza walieleza sababu yake: ile hewa kali itokayo katika mkojo wa farasi, iwashayo pua, huingia katika shaba iliyokazwa na kuvutwa kiwandani, ikaipasua mahali ilipokazika. Dawa yake ni kulipasha ganda moto kidogo baada ya kulivuta, ili mkazo ulegee. Sisi hatuna farasi, lakini nani katika Buha asiyejua harufu ya zizi la ndama asubuhi? Mlinzi wa pori mwenye bunduki ya serikali asiweke risasi zake chumba kimoja na mbuzi.

Adui wa tatu haonekani kabisa, naye ndiye mbaya kuliko wote. Zamani fataki zilifanywa kwa dawa yenye zebaki. Wachimba dhahabu wa Geita wanajua jinsi zebaki inavyoshikamana na dhahabu. Kwa shaba ya manjano tabia yake ni kuingia ndani na kuifanya iwe kavu kama mkate uliochacha. Ganda lililopigwa kwa fataki ya namna hiyo laweza kuonekana jipya, kumbe likitiwa tena litakatika vipande. Baruti nyeusi ilichukua sehemu ya zebaki pamoja na masizi yake. Baruti isiyo na moshi huiacha yote. Fataki za sasa hazina zebaki, lakini ganda la zamani halina cheti cha kuzaliwa, isipokuwa zile herufi na tarakimu zilizopigwa kitakoni, ambazo mara nyingi hutaja kiwanda na mwaka. Mwenye kujua huanza kwa kusoma kitako.

Tena kitako kina siri nyingine. Katika miaka ya 1860 watu wawili walivumbua mahali pa fataki. Mmoja alikuwa afisa wa Kiingereza, Boxer. Wa pili Mmarekani, Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na ukitaka kuitoa fataki iliyokwisha kulia, kijiti chembamba cha chuma hupita mdomoni kikaisukuma nje. Ganda la Berdan lina matundu mawili kando, na kinundu kimesimama katikati yake. Kijiti hakipiti, na fataki ni lazima ing'olewe kwa nje kwa taabu nyingi. Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani wameshika njia ya Mwingereza, na majeshi ya Ulaya yakashika njia ya Mmarekani. Kwa hiyo mwindaji atakaye kutia upya hutafuta ganda la Boxer.

Baada ya hapo huangalia uzee. Ganda likipigwa mara nyingi hurefuka, na ule urefu hutoka mahali fulani: ukuta huwa mwembamba juu kidogo ya kitako. Kwa nje huonekana mstari wa duara unaong'aa. Hapo ndipo litakapokatika. Bunduki za vita za Kiingereza za kipimo cha .303 zilijulikana kwa tabia hiyo, maana chumba chake kilifanywa kipana ili risasi yenye matope iingie, na ganda likarefuka upesi kuliko katika bunduki nyingine. Nyufa za shingoni si za hatari sana; fundi hulitupa ganda na habari imekwisha. Mstari ule wa kitakoni ndio unaomwaga moto usoni pa mtu.

Tena nchi yetu ni ya joto. Baruti iliyokaa juani huwaka kwa nguvu zaidi kuliko baruti ya nchi ya baridi, na kiasi kilichokuwa kizuri Ulaya huweza kulifanya ganda kung'ang'ania chumbani huku. Ndiyo sababu waliobuni bunduki za tembo na nyati walifanya ganda kubwa, refu, lenye nafasi ndani, ili nguvu isizidi. Kile kipimo cha milimita 9.3 alichokibuni Otto Bock wa Berlin mwaka wa 1905, kikaenea sana katika nchi hii, kilipendwa kwa sababu hiyo pia: nguvu yake ni ya kiasi, na ganda hutoka. Nyati aliyejeruhiwa hangojei mtu achokoe ganda kwa kisu.

Labda kijana mmoja anasema moyoni, Mwalimu, ikiwa ganda moja latumika mara tano, nami naokota bure, mbona nisijaribu? Kwanza kuna sheria. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Pili, mwenye leseni na mizani ya kupima baruti kwa punje hutumia baruti ijulikanayo kwa jina na kipimo kilichochapishwa. Wale wanaojaza kwa unga wa viberiti na bomba la baiskeli hawana hata kimoja cha hivyo. Sitasema zaidi juu yao. Wengine wenu mmeona mikono yao.

Lakini jambo linalonitia hofu zaidi si magobore, ni chuma chakavu. Siku hizi wanunuzi hupita vijijini, na shaba ina bei kuliko chuma. Watoto hutafuta. Na nchi yetu ya mpakani imepitiwa na majeshi tangu vita vya 1916 hata vita vya jirani zetu vya juzi. Mwezi wa Novemba 2017, katika shule ya msingi ya Kihinga, wilaya ya Ngara, hapo juu yetu tu, mwanafunzi aliokota kitu akidhani ni chuma cha kuuza, akaja nacho shuleni. Kilikuwa bomu la mkono. Watoto wenzake walikufa, na makumi wakajeruhiwa.

Basi walimu na wazazi wawaonyeshe watoto tofauti. Ganda tupu mdomo wake ni wazi, na fataki yake ina kishimo katikati palipopigwa na sindano. Likiwa na kichwa cha risasi mdomoni, si tupu, hata kama lina kishimo kitakoni. Hilo ni moja la zile zilizokataa, kama zile 20 za Moshi: fataki ilipigwa ikanyamaza, na baruti ingali ndani. Lisigongwe kwa jiwe ili shaba itoke. Lisitiwe motoni. Lisitiwe mfukoni kuletwa kwa mwalimu. Mtoto aliache pale pale, aweke alama ya tawi mbali kidogo, akamwite mtu mzima, na mtu mzima ampashe habari mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na kikionekana kitu cha chuma kisichojulikana, chenye umbo la yai au la chupa, mtoto asikikaribie hata kwa kuweka tawi, bali arudi kwa njia ile ile aliyojia, akaseme.